Kabla ya Singeli Kulikuwa na Fundi Redio: Historia ya Sauti Inayokwaruza, Kutoka Kisarawe Mpaka Kibaha

Sikiliza singeli kali kwa hedifoni, halafu acha maneno ya MC yapite. Chini yake kuna kinanda kinacholia kama kimepata homa. Kinakwaruza, kinapasuka, kinataka kukatika lakini hakikatiki. Vijana wengi wa mjini wanaamini hiyo ni kazi ya kompyuta: prodyuza kabonyeza kitufe, sauti ikachafuka, watu wakapagawa.

Kwa leo ni kweli. Ila huo uchafu wa sauti una umri mkubwa kuliko laptop ya prodyuza, na mara nyingine ni mkubwa kuliko prodyuza mwenyewe. Mizizi yake iko kwenye ngoma za usiku za Uzaramoni, ile nchi inayoanzia uswahilini Dar, inapanda vilima vya Pugu mpaka Kisarawe, na kugusa Kibaha kando ya Morogoro Road. Ililetwa na betri la gari, spika ya honi, kinanda cha Casio unachoweza kukibeba kwapani, na mtu mmoja ambaye jina lake hulikuti kwenye kava la kaseti: fundi redio.

Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wana kifaa chao maalumu kwa kazi hii. Ni pedali ya distoshoni, kiboksi kidogo cha chuma kinachokaa sakafuni. Unakikanyaga, gitaa linaanza kunguruma. Kuna watu kibao duniani wanaounda viboksi hivyo wenyewe nyumbani. Uswahilini hakikuja kiboksi. Uliundwa mfumo mzima wa sauti uliofanya kazi ileile, kwa vipuri vilivyookotwa, na hakuna aliyeupa jina la kiteknolojia. Watu walisema tu "mziki umekolea."

Dari na sakafu

Kabla ya historia, mtu wangu, elewa kwanza kitu chenyewe. Distoshoni ni nini?

Sauti ikipita kwenye waya inakuwa wimbi la umeme: inapanda kilima, inashuka bondeni, inapanda tena. Amplifaya kazi yake ni kukikuza kile kilima. Lakini kila amplifaya ina dari na sakafu. Dari hiyo inawekwa na umeme unaoiendesha. Kama betri ni ya volti 9, wimbi haliwezi kupanda zaidi ya pale volti 9 zinaporuhusu. Ukilazimisha, kilele cha kilima kinakatwa. Kilichokuwa cha mviringo kinakuwa bapa, kama mtu aliyepita na panga juu ya majani.

Kile kilele bapa ndicho kinachokwaruza. Noti ya herzi 110, ambayo ni uzi mmojawapo wa gitaa, ikikatwa hivyo inazaa wenzake wa herzi 220, 330, 440 na kuendelea. Noti moja inageuka ukoo mzima. Ndiyo maana sauti iliyochafuka inaonekana nene na yenye hasira kuliko ilivyokuwa ikiwa safi.

Pedali inafanya hivyo kwa makusudi na kwa vipuri vichache sana. Fuzz Face, pedali iliyotoka Uingereza mwaka 1966 na kupata umaarufu miguuni mwa Jimi Hendrix, ndani ina transista 2 tu, resista chache, kapasita chache, voliumu 2 na betri ya volti 9. Pedali nyingine zinatumia dayodi 2 zilizofungwa kwa kugeuziana mgongo. Dayodi ya silikoni inaanza kupitisha umeme kwenye volti 0.6 au 0.7 hivi. Wimbi likivuka hapo, linakatwa juu na chini. Dayodi ya zamani ya jemaniamu inakata mapema zaidi, karibu volti 0.3, na ukataji wake ni laini.

Sasa shika jambo moja. Transista, resista, kapasita, dayodi, voliumu: hivyo vyote vimo ndani ya redio ya zamani ya babu yako.

Dunia nzima ilianza na kitu kibovu

Wazungu hawakuanza na kiwanda. Walianza na vifaa vibovu.

Mwaka 1958 Link Wray, mpiga gitaa wa Marekani, alitoa "Rumble", kibao kisicho na neno hata moja. Ili kupata ule mngurumo, alitoboa matundu kwenye karatasi ya spika ya amplifaya yake. Kule Nashville, studio ilikuwa inarekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961. Mashine ya kuchanganyia sauti ikaharibika sehemu moja, na besi ya Grady Martin ikatoka inakoroma. Badala ya kuifuta, wakaiacha. Fundi mitambo wa studio hiyo, Glenn Snoddy, akakaa chini na kutengeneza sakiti ya kuiga lile kosa. Kampuni ya Gibson ikaichukua, na mwaka 1962 ikaingia sokoni kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks akachana spika yake kwa wembe na kurekodi "You Really Got Me". Mwaka uliofuata Rolling Stones wakaipiga ile Maestro kwenye "Satisfaction", na dunia nzima ikataka kiboksi.

Angalia mpangilio wa matukio. Kwanza kitu kinaharibika. Pili mtu mwenye sikio anagundua kwamba ubovu huo ni mtamu. Tatu fundi anautengeneza ubovu ili uweze kurudiwa kila siku. Nne kampuni inauuza. Kule kwao hatua ya tatu ina jina la mtu, na jina hilo liko kwenye vitabu. Uswahilini hatua hiyo ilifanyika vilevile. Jina ndilo halikuandikwa.

Gitaa lilikuwa mali ya ofisi

Swali linakuja: mbona Tanzania ilikuwa na wapiga gitaa hatari miaka hiyo, lakini huo mngurumo hukutani nao sana kwenye muziki wa dansi?

Sababu ya kwanza ni umiliki. Baada ya Uhuru, bendi nyingi kubwa zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao, na baadaye Mlimani Park ikawa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri kama meza na kabati. Hebu fikiria unachana spika ya ofisi kwa wembe halafu Jumatatu unaitwa kujieleza.

Sababu ya pili ni muziki wenyewe. Dansi la Kitanzania limejengwa kwa magitaa matatu au manne yanayosukana kama ukili: solo, ridhimu, besi, na lingine la kujazia katikati. Kila moja linapita kwenye nafasi iliyoachwa na mwenzake. Noti mbili zikichafuliwa pamoja, zinazaa sauti za ziada ambazo hazimo kwenye noti yoyote kati ya hizo mbili. Ukichafua magitaa yote, ule msuko unageuka uji. Wapiga solo wakubwa walitaka kila uzi usikike kama maji ya mtungini. Sauti safi ilikuwa chaguo la watu waliojua wanachofanya.

Wapo waliokwenda njia nyingine. Sunburst, bendi ya Afro-rock iliyotamba Dar miaka ya 1970, ilikuwa na mzuka wa roki, funki na ngoma za nyumbani kwa pamoja. Albamu yao "Ave Africa" walirekodi Zambia na ikatoka 1976. Zambia ndiko kulikokuwa na moto wenyewe: Zamrock, muziki wa WITCH, Amanaz na Paul Ngozi, magitaa yaliyochafuliwa mpaka yanatoa moshi. Reli ya TAZARA, inayokatiza wilaya ya Kisarawe ikielekea huko, ilianza kazi miaka hiyohiyo. Lakini kwa upande wa Bongo roki ilibaki ya wachache. Mwaka 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulilishika na jiji la Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul. Kwa hali hiyo, kelele ya gitaa la kizungu haikuwa na mlezi.

Kelele ikasubiri chombo kingine. Na ikasubiri mtu wa kuifungia waya.

Fundi redio na kopo lake la vipuri

Mtu huyo alikuwa amekaa kibarazani miaka yote.

Redio za transista ziliingia vijijini kwa kasi miaka ya 1960 na 1970. Zilitumia betri, hazikuhitaji nguzo ya TANESCO, na serikali ilizitaka ziwepo kwa sababu Radio Tanzania ndiyo ilikuwa sauti ya taifa. Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam, na jina la National likawa la kawaida majumbani kwenye redio na betri. Kila penye redio kumi, baada ya miaka michache pana redio tano mbovu. Na kila penye redio mbovu, pana fundi.

Mafundi hawa walikuwa kwenye kila mji mdogo wa Pwani: stendi ya Maili Moja, Mlandizi, Kisarawe mjini, Maneromango. Meza moja ya mbao, chuma cha kuyeyushia risasi, kikitumia umeme au kikipashwa kwenye mkaa, bisibisi, na kopo la maziwa lililojaa vipuri vilivyong'olewa kwenye redio zilizokufa. Wengine walipita vyuo vya ufundi. Wengi walijifunza kwa kukaa pembeni ya fundi mwingine, wakishika tochi na kutumwa sigara mpaka siku walipokabidhiwa chuma.

Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 mambo yakawa magumu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni. Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, sembuse transista. Shida ile ikawa darasa. Fundi ambaye hawezi kupata kipuri halisi anajifunza kipi kinaweza kukaa mahali pake. Anajua kwamba transista ya redio ile inaweza kuingia kwenye amplifaya hii, itapata moto kidogo, sauti itakuwa na ukali, lakini harusi haitalala kimya.

"Sauti itakuwa na ukali." Pedali ya distoshoni ni hiyohiyo, ila imetengenezwa bila mtu kukusudia.

Casio inaingia Uzaramoni

Sasa twende kwenye ngoma.

Uzaramoni sherehe haiishi bila ngoma. Mwali akitoka, ngoma. Harusi, ngoma. Kuna mdundiko, ngoma ya kutembea: kundi linapita mitaani na watu wanaungana nalo njiani mpaka mtaa mzima uko barabarani. Kuna mnanda. Na kutoka upwa wa Waswahili kulikuwa na chakacha, ngoma ya kina mama ya kiuno na mafumbo. Wazaramo walipojazana Dar na kuchanganyika na makabila mengine, ngoma hizi zilienda nao, na kila Ijumaa na Jumamosi zilirudi Kisarawe na Kibaha pamoja na ndugu waliokwenda kwenye shughuli.

Mwaka 1980 Casio ya Japani ilitoa kinanda chake cha kwanza cha Casiotone, na miaka iliyofuata ikatoa vidogo vya bei chee, vyenye vitufe vya vidole vya mtoto. Kwa wenzetu vilikuwa vitu vya kuchezea watoto. Ruksa ya Mzee Mwinyi ilipofungua milango ya biashara katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikamiminika, na vinanda hivi vikaja pamoja na nguo na baiskeli.

Kwa kundi la vijana wasio na kitu, Casio ilikuwa muujiza. Gitaa la umeme linataka amplifaya ya maana, nyuzi za kubadilisha na miaka ya kujifunza. Casio inatumia betri za tochi, ina tundu la kuchomeka waya, na kijana mwenye sikio anaweza kutoa melodi ya chakacha ndani ya wiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 makundi yakazaliwa: kinanda kimoja, ngoma kadhaa, manyanga, mwimbaji mmoja mwenye koo la chuma. Mziki huo ukaitwa mchiriku. Jagwa Music, kundi lililokuja kujulikana kuliko yote, lilianza 1992.

Tatizo lilikuwa moja. Spika ya ndani ya Casio ndogo inasikika chumbani. Weka ngoma nne pembeni yake, imekufa. Ikabidi iungwe kwenye kitu kikubwa, na mtu wa kuiunga alikuwa mmoja tu.

Hesabu ya betri la gari

Hapa ndipo fizikia inapoingia kwenye shughuli.

Kwenye maeneo mengi ya Kibaha na Kisarawe ya wakati ule, nguzo za umeme zilifuata barabara kuu na ofisi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi 2007. Kabla ya hapo, shughuli ya kijijini ilitegemea jenereta la kukodi au betri la gari la volti 12. Jenereta linataka mafuta. Betri linataka mgongo wa mtu na baiskeli tu.

Chukua amplifaya ya kawaida isiyo na transfoma ya kukuza, iendeshe kwa volti 12, iunge na spika ya omu 8. Wimbi linaweza kupanda volti 6 na kushuka volti 6, basi. Ukipiga hesabu, nguvu safi inayotoka ni wati 2.25. Wati mbili na robo! Kwa uwanja mzima wa watu wanaocheza! Na usiku wa manane betri likishuka mpaka volti 11, unabaki na wati 1.9 hivi. Dari inashuka huku ngoma zikipanda.

Njia ya kutokea ni mbili, na mafundi walitumia zote. Ya kwanza ni spika ya honi, ile ya bati yenye mdomo mpana kama ya msikitini au kwenye gari la matangazo. Honi inapoteza nguvu kidogo kuliko spika ya kawaida. Wati ile ile inayonong'ona kwenye spika ya sebuleni, kwenye honi inafika mtaa wa tatu. Ila honi iliundwa kwa ajili ya maneno, haikuundwa kwa mziki. Besi haipiti kabisa, na sauti za katikati zinatoka zimebanwa kama mtu anayeongea kwa pua.

Njia ya pili ni kukunja voliumu yote mpaka mwisho na kuacha dari ikate. Wimbi lililokatwa linabeba nishati nyingi kuliko wimbi la mviringo la urefu uleule. Linasikika kubwa zaidi. Fundi hakuhitaji kitabu kumwambia hivyo, masikio yake yalimtosha.

Matokeo yake yalikuwa distoshoni kamili, na ilikaa mahali pake kuliko ambavyo mtu angepanga. Melodi ya Casio ni ya noti mojamoja, haina magitaa manne ya kusukana, hivyo kuchafuliwa hakukuifanya uji. Kulizidisha makali. Besi iliyopotea kwenye honi ililetwa na ngoma zenyewe, ambazo hazikuhitaji umeme. Kinanda kikashika juu, ngoma zikashika chini, mwimbaji akapita katikati na maiki inayopiga mluzi kila akisogea karibu na spika. Kilichoanza kama upungufu kikawa ladha. Baada ya muda, kundi lililokuja na sauti safi lilionekana halijaja na mziki.

Hatua ya pili ya Nashville ikawa imetimia Uswahilini: sikio limeutambua ubovu na kuupenda. Na hatua ya tatu ikafuata. Vyombo vipya na vizuri zaidi vilipoanza kupatikana, makundi yaliendelea kushikilia amplifaya chakavu na honi. Fundi aliyeitwa kutengeneza alijua hatakiwi kuifanya iwe safi. Alitakiwa kuiponya bila kuiondolea ugonjwa.

Wakaambiwa ni kelele

Mwaka 1994 redio na televisheni binafsi zilianza kurusha matangazo Tanzania Bara. Kwa mziki wa vijana huo ulikuwa mlango wa mbinguni, na Bongo Fleva ikapita hapo ikawa kubwa. Mchiriku ulikuwa wa kizazi kilekile, wa mtaa uleule, na mlango haukufunguka. Kwa redio ulikuwa mbovu kwa kila kipimo: sauti imechafuka, mashairi yanataja bangi, umalaya, polisi, njaa na ukosefu wa kazi bila kupaka poda, na wasikilizaji wake walionekana wahuni.

Basi ukaishi kwenye kaseti, kwenye daladala, na kwenye mikesha iliyokuja kuitwa vigodoro. Viongozi wa maeneo mbalimbali wamewahi kuipiga marufuku mikesha hiyo, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki: watoto wa shule kukesha, mambo ya aibu hadharani, wagonjwa kukosa usingizi. Hilo lisifichwe. Lakini kwenye kapu moja na makosa hayo kilitupwa kitu kingine, ule ujuzi wa kutoa sauti kubwa kwenye umeme kiduchu. Kelele ikashitakiwa na aliyeiunda hakuulizwa aliiundaje.

Binamu wa Kinshasa

Thamani ya ujuzi huo inaonekana ukiangalia jirani. Kinshasa kulikuwa na kundi la Konono N°1, lililoanzishwa miaka ya 1960 na Mawangu Mingiedi, dereva wa malori na mpiga likembe. Likembe ni kama marimba yetu ya kidole gumba. Jiji lilikuwa na kelele, likembe ikawa haisikiki. Mingiedi akachukua sumaku za vipuri vya magari, akazungushia waya wa shaba, akatengeneza maiki zake mwenyewe, akaziunga kwenye amplifaya na spika za honi za enzi ya mkoloni. Ikakwaruza. Wakaiacha ikwaruze.

Mwaka 2004 lebo ya Ubelgiji, Crammed Discs, ikatoa albamu yao "Congotronics", na wapenzi wa roki wa Ulaya wakapagawa: walisikia distoshoni ya gitaa mahali pasipo na gitaa. Mwaka 2011 wimbo wa Herbie Hancock ambao Konono walishiriki ukapata Grammy. Mingiedi alifariki 2015, na jina lake linatajwa kama la mvumbuzi.

Lebo hiyohiyo ikaja Dar. Mwaka 2012 ilitoa "Bongo Hotheads" ya Jagwa Music, na vijana wa mchiriku wakapanda majukwaa ya Ulaya na Casio zao chakavu. Kile ambacho redio za nyumbani zilikiita ubovu, huko watu walilipa tiketi kukisikia. Tofauti na Kinshasa ni moja. Pale Konono mpigaji na fundi walikuwa mtu mmoja, ndiyo maana jina la fundi limebaki. Kwetu kazi hizo zilifanywa na watu wawili. Mpigaji alikwenda Ulaya. Fundi alibaki kibarazani na redio za watu.

Sauti ikaingia kwenye kompyuta

Singeli ilipochipuka Manzese, Tandale na Mburahati, kompyuta ikachukua nafasi ya ngoma. Madijei walikata vipande vya mchiriku na taarabu, wakavirudia na kuvikimbiza mpaka mapigo 200, na wengine 300 kwa dakika. Kile kinanda kilichokatwa na betri la gari kikaingia kwenye faili kikiwa tayari kimekatwa. Hakuna aliyehitaji kukichafua. Kilizaliwa kichafu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa "Sounds of Sisso", mkusanyiko kutoka studio ya Sisso, na singeli ikaanza safari ya matamasha ya dunia.

Leo prodyuza wa Kibaha anaweka distoshoni kwa kubofya. Programu anayoitumia imeandikwa kwa hesabu zinazoiga transista na dayodi, zinazoiga zile pedali, zilizoiga mashine iliyoharibika Nashville. Na anachokitafuta sikioni kwake ni honi ya bati kwenye shughuli ya shangazi. Mizunguko yote hiyo inakutana kwenye kitufe kimoja.

Nani atajwe

Kuna jambo la kupoteza hapa, na muda si rafiki. Mafundi wa kizazi cha transista wanazeeka. Vijana waliorithi meza zao Maili Moja na Kisarawe mjini ni mafundi simu, na kwenye simu kipuri ni kidogo kuliko punje ya mchele. Amplifaya zilizofungwa kwa mkono zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na kaseti zinaliwa na unyevu wa pwani. Akiondoka mzee aliyejua transista ipi inakwaruza vizuri, hakuna mahali pengine palipoandikwa.

Nusu nyingine ya habari ni kwamba ujuzi wenyewe haujawa ghali. Kijana mwenye gitaa au kinanda anaweza kuunda pedali yake kwa transista moja au mbili, dayodi 2, resista na kapasita chache, voliumu, matundu mawili ya jeki na betri ya volti 9, vyote ndani ya kopo la bati. Kopo la bati ni muhimu, linazuia mvumo wa umeme kuingia kwenye waya. Vipuri hivyo vinapatikana kwenye maduka ya elektroniki Kariakoo na ndani ya redio mbovu zilizojaa mitaani. Volti 9 haina madhara kwa mtu. Amplifaya ya umeme wa ukutani ni habari nyingine: kapasita zake zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa, na hapo ndipo unapotakiwa ukae pembeni ya fundi na ushike tochi, kama walivyofanya waliotangulia.

Na ukishakaa hapo, muulize jina lake. Muulize alifunga amplifaya ya kundi gani, mwaka gani, kwenye shughuli ya nani. Rekodi kwa simu, una nafasi ya kutosha humo. Glenn Snoddy aliulizwa, ndiyo maana anajulikana mpaka leo. Yule wa Kisarawe anasubiri mtu wa kumuuliza.